Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Nilisikia kwamba Tata Kalala amekufa nikiwa nimekaa kwa kinyozi kwenye soko la Manika, povu la sabuni kidevuni. Aliyesema hakuwa akisema na mimi. Alikuwa kijana mfanyabiashara aliyefika na lori la mahindi kutoka Mbuji-Mayi, anangoja zamu yake, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na umeme umekatika, wote mle ndani tulikuwa tukiongea ovyo ili kupitisha muda. Akasema babu yake aliwahi kukaa mji huu, alikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana kubwa ya Kampuni ya migodi, na walimzika masika iliyopita. "Ule muzee alikuwa anajisifu mingi," akasema, na watu wakacheka. "Anasema hakuna chuma ya Kolwezi yenye haijue jina yake. Lakini mi nilimukuta na mukono moja tu ya kufanya kazi. Ile ingine ilikuwa sawa vile makucha ya kuku." Kinyozi akauliza mkono uliharibiwa na nini. Kijana akajibu kwamba ni mashine, ndivyo walivyoambiwa nyumbani tangu utoto. Wembe ulikuwa shingoni mwangu, nikapata sababu ya kutosema neno. Nilipotoka mvua ilikuwa bado inanyesha, nikatembea ndani yake mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika haya, nikifuta, nikiandika tena. Nilimaliza sekondari, tena kwa walimu wakali, kwa hiyo siwezi kusingizia kwamba nilikosa maneno.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule ambao Kampuni ilianza kufa na sisi tukaanza kuwafukuza majirani zetu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa stoo, kijana asiye na mke, nimepanga chumba cha nyuma ambacho mlango wake ukifunguliwa uligonga kitanda. Kati ya chumba changu na lupango ya Tata Kalala, nyumba na ua wake, palikuwa na ukuta wa matofali uliobomoka ukabaki kimo cha kifua, na juu ya ukuta ule ndipo yalipopita maisha yangu yote ya wakati huo: sahani za bukari, yaani ugali, makaa ya kuwashia jiko la mbabula, habari za kazini, utani. Tata Kalala alikuwa Mkasai, mimi Mlunda wa Sandoa. Hatukulisahau jambo hilo, tulilichezea tu. "Mama Ngalula," angemwambia mkewe kwa sauti kubwa ili nisikie, "mupe ule Mulunda mboga. Babu zake balikuwa bawindaji, yeye anawinda tu sahani ya jirani." Nami ningejibu kwamba Wakasai hata wakipelekwa makaburini huuliza kwanza bei ya shimo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kifua, na alijipenda. Jumapili alivaa tai na kwenda kanisani akitembea mikono imeachana na mwili, shati lisije likakunjamana. Aliniita Goshi, kwa Kifaransa cha mtaani, kwa sababu natumia mkono wa kushoto, na jina hilo lilinishika mtaani mpaka wengi wakasahau lile la ubatizo.

Wazo la bunduki lilikuwa langu. Mshahara ulianza kuja nusu, kisha ukachelewa, kisha ukaacha kuja. Kantini ya wafanyakazi ikafungwa. Chakula cha jioni kikawa bukari na mchicha wa lengalenga, na siku nyingine lengalenga peke yake. Vijana wa mtaani walikwenda kwa wahunzi kutengenezewa pupu, zile bunduki za kienyeji za kushindilia baruti mdomoni, zenye mtutu wa bomba la maji. Pupu hupiga karibu, na siku yoyote inaweza kukupasukia usoni. Lakini nyama iliyobaki ilikuwa kule juu kwenye nyanda za majani za Manika, mahali pasipo na mti wa kujificha, ambapo mnyama anakuona kabla hujajua kwamba yupo. Nilitaka bunduki ndefu, yenye mtutu uliochongwa mifereji ya kujipinda ndani ili risasi itoke ikizunguka na kwenda mbali bila kupotea. Niliwahi kuona picha yake shuleni katika kamusi kubwa la Kifaransa, nyembamba, ndefu kama mkuki. Tena nilitaka iwe ya gumegume, ya jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche, kwa sababu fataki za kuwashia baruti hazikupatikana tena madukani, na jiwe haliuzwi na mtu. Na ilibidi iwe ya mkono wa kushoto. Katika bunduki ya kawaida mtambo wa moto uko kuume. Mtu wa kushoto akiilenga, uso wake unakaa upande ule ule baruti inakolipuka. Nilikuwa nimeshaunguza nyusi kwa kuazima ya rafiki.

Nilipomweleza, Tata Kalala alinitazama kama mtu aliyeletewa ugomvi mzuri. "Ile haiko bunduki," akasema. "Ile ni bibi arusi. Simama. Funga macho." Akanipa fimbo, akaniambia niiweke begani kama ninayelenga, nisifungue macho mpaka aseme. Nilipofungua alikuwa ameinama mbele yangu, jicho lake likitazama jicho langu kupitia kwenye fimbo. "Shingo yako ni ndefu sawa ya twiga. Kitako itashuka kidogo. Tena." Alinipima mkono kwa uzi, akafunga vifundo penye kiwiko na penye kidole. Kisha akachora bunduki nzima kwa chaki kwenye saruji ya baraza lake, kwa ukubwa wake halisi, kutoka mlango wa sebule mpaka karibu na mbabula, akakataza mtu kuikanyaga. Tulikaa pembeni yake jioni nyingi, tukifuta na kuchora upya, inchi moja hapa, unene wa kidole pale, huku Mama Ngalula akifagia kwa kuzunguka. "Huyu mwanamuke mwembamba atalala mu mulango yangu paka lini?" angeuliza. "Muache," mumewe angejibu bila kuinua kichwa, "iko mugeni wa Goshi, na hana mahali ya kumulaza." Alikuwa amepata mtambo wa zamani kwa mjane wa mwindaji mmoja, wa kuume kama mitambo yote. Ili atengeneze wa kushoto ilibidi kila kipande kigeuzwe: lile jogoo linaloshika jiwe, kile kisahani cha baruti, chemchemi, hata skrubu. Basi akachukua kioo cha mkewe kutoka chumbani, akausimamisha mtambo mbele yake, na akachora kile alichokiona kwenye kioo. Mama Ngalula alijitazamia kwenye ndoo ya maji karibu mwezi mzima, na kila asubuhi alitusimanga kwa hilo.

Chuma cha mtutu nilikitoa mimi stoo, bila kuandika popote. Ilikuwa fimbo ya kutobolea mwamba, ile yenye tundu la maji katikati, ambayo wachimbaji hawakuwa wakiihitaji tena kwa sababu hawakuwa wakichimba. Tata Kalala aliizika kwenye makaa mpaka ikalegea, akalipanua tundu kwa mashine za karakana saa ambazo mashine hazikuwa na kazi nyingine, akainyoosha kwa kutazama uzi uliokazwa ndani yake. Mifereji aliichonga nyumbani kwa mikono, akivuta kijembe kidogo kwa gogo la mti lililochongwa kama kamba iliyosokotwa. Mtaa mzima ulisikia mlio wake, kama mtu anayesaga meno usingizini. Kitako kilikuwa cha mulombwa, mti unaotoa utomvu mwekundu. Mawe nilikwenda kuyaokota Mutoshi, kwenye vilima vya takataka za mgodi, nikamletea mfuko. Alipiga moja baada ya jingine kwa faili la zamani. "Hii ya kujengea choo. Hii ya choo ya jirani. Hii... hapana. Hii..." Cheche zikaruka. "Eh! Goshi, hii njo inajua kazi!" Akalibusu jiwe.

Lakini jioni zile zile, juu ya ukuta ule ule, nilianza kusikia maongezi mengine. Katika mikutano ya hadhara wakubwa walikuwa wakisema kwamba njaa yetu ina sababu, na sababu hiyo ina kabila. Watu niliosoma nao walianza kuwaita Wakasai bilulu, wadudu, kwanza kwa kucheka, kisha bila kucheka. Siku moja tulikuwa tunakula makayabo, samaki wa chumvi, na sombe ya majani ya muhogo kwenye meza ya Tata Kalala, vitambaa vyeupe vya kufuma kwenye viti, na Mama Ngalula akasema polepole kwamba mwanamke wa unga sokoni amemkatalia. "Ameniambia niende kununua kwetu." Tata Kalala akameza tonge. "Kwetu ni wapi? Mi nilizaliwa ku hospitali ya hapa." Wiki hizo nilimsikia mkewe ukutani akimsihi waondoke wakati bado treni zilikuwa na nafasi, akasema dada yake wa Likasi ameshakwenda na ameacha hata sufuria motoni. "Tutaenda," alijibu. "Nimalize kwanza ile kazi ya Goshi. Mutu hawezi kuacha kazi kama ile katikati." Nilikuwa nimesimama gizani upande wangu, mswaki mdomoni. Ningeweza kumwita na kumwambia aiache. Nilisukutua, nikaingia kulala, na moyoni nilifurahi kwamba imebaki kidogo.

Ilipokamilika alinialika kuiona. Ilikuwa imelala mezani juu ya blanketi, rangi ya mti kama chai iliyokolea. Nikaiweka begani nimefumba macho, nikafungua, na jicho langu lilikuwa pale pale panapotakiwa. Hakuna kitu nilichowahi kuvaa au kushika maishani kilichonikaa vile. Ila sikuondoka nayo. Kwetu, bunduki mpya hailali nyumbani kwa mwenyewe kabla mjomba hajaipaka pemba, ule udongo mweupe, na kuiombea kwa wazee. Ikiingia kabla, inaingia na bahati mbaya. Mjomba wangu Kapenda alikuwa Sandoa, nilikuwa nimemtumia habari, na usafiri ulikuwa mgumu. Mwanzoni Tata Kalala alilifanya jambo la utani. "Goshi, muke yako anazeeka mu nyumba yangu. Kuya umuchukue." "Bado mujomba hayafika, Tata." "Huyo mujomba anakuja na kobe?" Baadaye akaacha utani. Alinijia mwenyewe ukutani, akaongea chini. "Sikia, mutoto yangu. Banaingia mu manyumba. Bakikuta kitu kama hii kwa Mukasai, watasema nini? Chukua leo. Uifiche mu choo, uifiche mu mugongo ya mama yako, lakini hapa itoke." Nikamwambia mwiko ni mwiko. Nikamwambia kesho, labda keshokutwa. Miaka yote hii nimejiambia kwamba ilikuwa ni pemba. Pemba ilikuwepo, sikatai, na nilikuwa naiogopa kweli. Lakini kulikuwa na hofu nyingine ambayo ilijifunika kwa ile ya kwanza: sikutaka mtu yeyote anione nikitoka mchana katika lupango ya Mkasai na furushi refu mabegani. Mila yetu ilinipa mahali pazuri pa kujificha, na nikampa Tata Kalala hatari yangu aitunze.

Walikuja mchana, baada ya misa. Nilikuwa ukutani kwangu nafua shati. Niliwasikia kwanza, nyimbo na makopo, kisha nikawaona wakiingia kwa Tata Kalala, vijana wa mtaani wenye matawi ya miti vichwani, na mbele yao Kaumba, ambaye nilikaa naye dawati moja shule nzima. Walitoa viti, wakatoa redio, wakatoa vile vitambaa vya kufuma na mmoja akajifunga kimoja kichwani kama bibi. Mama Ngalula alisimama kando na watoto wake, ameshika mikono yao. Halafu mmoja akatoka na blanketi, akalifungua, na nyimbo zikakoma.

"Hii ni ya nani?" Kaumba akauliza.

"Yangu," Tata Kalala akasema.

"Ya kuua nani?"

"Nyama. Nyama ya pori."

Kaumba akaiinua kwenye bega la kuume, akaweka shavu, na akaona mtambo uko mbele ya jicho lake. Kisha akaihamisha bega la kushoto, akaishusha taratibu. "Muzee," akasema, "unakulaka na mukono gani?"

"Ya kuume."

"Sasa hii njo ya nani?"

Tata Kalala akatazama ukutani. Hakuniomba kitu. Alinitazama kama mtu anayesogea pembeni mlangoni ili mwingine apite kwanza. Na Kaumba naye akatazama ukutani, kwa sababu alikuwa amekaa kushotoni kwangu miaka ile yote, viwiko vyetu vikigongana kila tulipoandika. Watu wawili walikuwa wakingoja neno langu. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu na kiongozi wa wale wengine. Nadhani, sina hakika lakini nadhani, kwamba ningesema ni yangu ningepigwa makofi na kutukanwa kwa kupatana na Wakasai, na basi. Niliinama kwenye beseni nikaendelea kusugua kola ya shati.

"Ni yangu," nikamsikia Tata Kalala akisema tena. "Nilikosea. Nilitengeneza mutambo upande yenye haiko yake."

Yule mtu aliyejisifu kwamba vyuma vyote vya Kolwezi vinajua jina lake alisema hivyo mbele ya mkewe, watoto wake na mtaa mzima. Walicheka sana. "Eh! Fundi mukubwa ya Kampuni hajue kuume na kushoto!" Mmoja, simjui jina hata leo, akasema basi tumufundishe kuume iko wapi. Jiriwa ya Tata Kalala, ile ya kubania vyuma, ilikuwa imefungwa kwenye meza ya kazi pale pale barazani. Wakaubana ndani yake mkono wake wa kuume na wakazungusha. Kola ya shati langu ilikuwa safi kabisa.

Tata Kalala na familia yake walilala stesheni, pamoja na maelfu ya wengine waliokuwa wakingoja treni ya kwenda Kasai. Nyumba yao ilipata wenyeji wapya kabla ya wiki kwisha, nao walikuwa watu wa heshima, walinisalimia ukutani. Kaumba alikuja chumbani kwangu na blanketi kwapani. Hakuketi, hapakuwa na pa kuketi. "Batatu bameijaribu," akasema. "Imebaunguza uso bote. Haitaki mutu mwingine." Akaiweka kitandani. "Usiniambie aksanti." Sikumwambia. Niliipokea. Siku mbili au tatu baadaye Mjomba Kapenda akafika, vumbi mpaka kwenye kope, amepanda malori na kutembea. Alikula, akalala, akaamka, akaipaka bunduki pemba mtutuni na mimi kwenye kipaji cha uso, akawaita wazee kwa majina. Hakuuliza kwa nini ilikuwa imeshaingia nyumbani. Aliuliza tu, "Fundi iko wapi?"

"Amesafiri."

"Basi utamufuata. Nyama ya kwanza, fundi akule mbele ya macho yako. Asipokula, bunduki inakuwa kipofu. Utapiga, utapiga, nyama inajiendea zake. Nimeona mutu aliyekufa na njaa na bunduki muzuri mu mukono."

Nilikwenda kwenye nyanda na alfajiri. Nililala kifudifudi juu ya kichuguu, na swala alikuwa mbali kiasi ambacho mtu wa pupu asingejisumbua hata kuinua mkono. Jiwe likagonga, moto ukapita kushoto, mbali na uso wangu, na yule mnyama akapiga magoti kama anayesali. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilipiga kelele peke yangu kule juu, nikacheza. Kisha nikakumbuka maneno ya mjomba, nikakata paja, nikalifunga kwa majani, nikashuka moja kwa moja mpaka stesheni.

Sijawahi kuona tena watu wengi vile wakiwa kimya vile. Walikuwa wamejenga vibanda kwa shuka na masanduku kufuata reli, wanapikia milango na fremu za vitanda walizobeba. Watoto walikuwa wakikohoa. Mama Ngalula alinitambua kabla sijamtambua, maana alikuwa amekonda. Sufuria yake ilikuwa na majani ya matembele. Tata Kalala alikuwa amekaa juu ya sanduku, mkono umening'inia kwenye foronya iliyofungwa shingoni, uso wake una rangi ya majivu. Nilipiga magoti kidogo kwa heshima, nikaweka majani chini, nikayafungua.

"Nyama gani?" akauliza.

"Swala, Tata."

"Ulimupiga wapi?"

"Nyuma ya bega."

Hakuweza kujizuia. "Mbali?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kutoka pale tulipo mpaka kwenye tangi la maji la stesheni, na zaidi. Kitu fulani kikapita usoni pake, kitu cha jioni za chaki barazani. "Moto haikugusa jicho?"

"Hapana, Tata. Hata kidogo."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha kichwa kikasimama. "Basi iko kwako," akasema.

"Iko kwangu."

Mama Ngalula alikuwa ameshachukua kisu. Akakirudisha chini. "Rudisha hii nyama mahali umeitoa. Batoto bangu habatakula."

"Batoto bakule, Mama," Tata Kalala akasema. "Swala hana kosa. Pika."

Alipika bila kunitazama tena. Watoto walikula, tena kwa haraka ya kutisha, na yule mkubwa akalamba majani yaliyofungia. Nilikuwa bado nimechutama pale pale. Jua lilikuwa linapungua nguvu, na mimi siondoki. Tata Kalala hakuwa amegusa kitu. "Unangoja nini, Goshi?" akaniuliza.

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia mtu yule. Nilikuwa nimetembea njia nzima nikiwa nayo. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa hiki: "Onja kidogo, Tata. Kidogo tu."

Alikuwa ameishi na wawindaji wa Kilunda maisha yake yote. Nilimwona akielewa. Alinitazama kwanza usoni, kisha kwenye kipaji changu cha uso ambako pemba ilikuwa haijafutika, na akacheka, kicheko kifupi, bila sauti. "Ni mujomba yako njo alikutuma."

"Ndiyo, Tata."

"Na mi nilifikiri umekuja juu yangu."

Mama Ngalula akasema kitu kwa Kiluba chao, kwa ukali, akataka kuiondoa sufuria. Yeye akamzuia. Akaingiza mkono wake wa kushoto ndani, ambao haukuzoea kumlisha, kipande kikamponyoka, akakifuata, akakishika. Akatafuna muda mrefu huku ananitazama. Akameza. Kisha akafungua mdomo wazi, akautoa ulimi nje, kama mtoto anavyomwonyesha muuguzi kwamba dawa imekwenda.

"Haya," akasema. "Inaona. Sasa enda."

Nilimshukuru, kwa adabu zote, kwa mikono miwili. Nikapita katikati ya masanduku na watoto, na nilipofika barabarani nilikuwa karibu kukimbia. Asubuhi iliyofuata nilipanda tena kwenye nyanda. Nilipiga mara moja tu, ikatosha.